Songwe ipi? Mshiko wa kuingiza sampuli za makumbusho kwenye kompyuta na kwenye ramani

Malori yamepanga foleni kama kawaida na vumbi lipo kama kawaida. Leo naomba tuache kidogo ishu za ushuru na bei ya mahindi, maana kuna jambo nimekuwa nalifuatilia siku nyingi na sioni mtu analiandika kwa Kiswahili.

Naanzia kwenye chakula, msishangae.

Kila aliyekaa Tunduma anaijua chikanda, hata kama hajawahi kuionja. Wenzetu wa Nakonde na Zambia yote wanaipenda kweli kweli: viazi vidogo vya porini vinakaushwa na kutwangwa, vinachanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi, vinapikwa mpaka vigande, halafu inakatwa vipande kama keki. Upande wetu wengi wanaita kinaka. Sasa vile viazi ni viazi vya okidi, yale maua ambayo wazungu wanayapanda kwenye vyungu na kuyauza bei mbaya. Ukichimba kiazi umeua mmea. Zambia walichimba mpaka sehemu nyingi zikaisha, biashara ikavuka mpaka ikaja Nyanda za Juu Kusini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Oryx ulikadiria kwamba mamilioni ya viazi hivyo yalikuwa yanatoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Miaka miwili baadaye, 2005, Kitulo ikatangazwa hifadhi ya taifa, na sababu kubwa ilikuwa maua yake.

Haya, swali. Kitulo inalindwa. Lakini huku kwetu Mbozi, Ileje na Momba, okidi zilikuwa zinaota mabonde gani kabla biashara haijashamiri? Nani anajua? Bibi zetu wanajua kidogo. Na wengine wanaojua ni karatasi.

Namaanisha hivi. Tangu enzi za Mjerumani watu wamekuwa wakipita nchi hii wanachuma mimea, wanaibana kwenye karatasi, wanaikausha na kuibandika lebo: jina la mmea, tarehe, aliyechuma, mahali. Ghala la mimea ya namna hiyo linaitwa hebaria. Iko hebaria ya taifa Arusha, iko ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko kubwa ya Afrika Mashariki pale Nairobi, na iko ya Kew, London. Wanyama vile vile, mifupa vile vile. Kila sampuli yenye lebo ni ushahidi kwamba kitu fulani kilikuwepo mahali fulani siku fulani. Lebo ikiwa ndani ya kabati Arusha au London, kijana wa Vwawa anayetaka kuthibitisha kwamba bonde la kwao lilikuwa na okidi hana pa kushika. Ikiwa kwenye kompyuta, na ina alama kwenye ramani, anaifungua hapa hapa kwenye intaneti kafe kwa shilingi zake chache.

Ndiyo kazi yenyewe. Na kazi hiyo inataka hela, tena hela ya aina yake.

Kwanza muone vitu vya kwetu vilivyotawanyika. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza dainosa mpya aliyetoka kwenye miamba ya Galula, ambayo zamani tuliihesabu Chunya na sasa iko wilaya ya Songwe. Wakampa jina Shingopana songwensis. Hapo huhitaji kamusi! Mifupa yake ilianza kuchimbwa 2002, jina limetoka 2017, yaani miaka 15 ya kusafisha, kupima na kulinganisha. Kimondo chetu pale Ndolezi kipo salama hakiendi popote (nani atabeba tani zote zile?), ila vipande vyake vilishakatwa na kupelekwa nje kuchunguzwa. Kwa jirani zetu wa Rungwe kuna yule nyani kipunji, ambaye sayansi ilimtangaza 2005 kwa kutumia picha tu, maana hakukuwa na mzoga. Baadaye akapatikana mmoja amekufa kwenye mtego shambani, na mwili wake uko Field Museum, Chicago. Na wote tunamjua yule dainosa mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913, amesimama Berlin na urefu wake unapita mita 13.

Mtu atasema basi virudishwe. Mimi sipingi, mjadala huo una haki yake. Ila naona watu wanachanganya mambo mawili. Kurudisha mfupa ni suala la serikali na serikali. Kuweka taarifa zake wazi ni suala la bajeti, na linaweza kufanyika mwaka huu wakati wakubwa wanaendelea na vikao. Tena picha siyo mfupa, asije mtu akatuambia tumeshapewa picha tutulie.

Sasa kazi ikoje? Hatua ya kwanza ni picha. Kwa mimea walibuni kitu kizuri sana pale Kew. Karatasi ya mmea mkavu huwezi kuigeuza kifudifudi juu ya skana, itamwaga majani yote. Basi wakageuza skana yenyewe, ikatazama chini, na karatasi ikainuliwa kuifuata. Rahisi hivyo. Chombo hicho kilitumika sana kwenye mradi wa mimea ya Afrika uliolipiwa na Andrew W. Mellon Foundation ya Marekani kuanzia miaka ya 2000, hebaria nyingi za bara letu zikapiga picha zile sampuli za msingi, yaani zile ambazo jina la mmea lilitolewa kwazo.

Hatua ya pili ni kuandika kilichoko kwenye lebo. Mwandiko wa mkono wa mwaka 1930, wino umefifia, mwandishi alikuwa na haraka na labda malaria. Hapa hakuna mashine ya maana sana, japo programu za siku hizi zinasaidia. Ni mtu na macho yake.

Hatua ya tatu ndiyo inayokwamisha miradi, na ndiyo ninayotaka tukae nayo: kuipa lebo alama kwenye ramani. Waliochuma zamani hawakuwa na GPS. Waliandika jina la mahali, basi. Tuseme lebo imeandikwa "Songwe". Songwe ipi??

Kuna mto Songwe unaokwenda kaskazini kumwaga maji ziwa Rukwa. Kuna mto Songwe mwingine kabisa, huu wa mpakani na Malawi, unaopita Ileje na Kyela kwenda ziwa Nyasa. Ni mito miwili, mabonde mawili, na maji yao hayakutani. Kuna wilaya ya Songwe, makao yake Mkwajuni. Kuna mkoa wa Songwe, uliozaliwa 2016 kwa kumegwa Mbeya, na makao yake Vwawa. Na kuna uwanja wa ndege wa Songwe, ambao uko mkoa wa Mbeya! Mtu aliyekaa ofisini Ulaya akibahatisha hapo anaweza kukosea kwa zaidi ya kilomita 100 na asijue kama amekosea. Okidi ya Ileje inahamia Rukwa.

Na siyo Songwe peke yake. Lebo ikisema "Mbeya Region", na sampuli ilichukuliwa mwaka 1980, inaweza kuwa Tunduma hii hii. Ikisema "Southern Highlands Province", ni zamani zaidi. "Fife" ilikuwa boma ya Waingereza upande wa Zambia, karibu na ilipo Nakonde leo. "Abercorn" ni Mbala. "Fort Hill" ni Chitipa, Malawi. "Neu-Langenburg" ya Mjerumani ni Tukuyu. Na "maili 5 kusini-magharibi ya Tunduma" siyo Tanzania tena, ushavuka mpaka, uko kwa watu na kadi ya chanjo huna.

Kwa hiyo wataalamu hawaweki nukta tu. Wanaweka nukta pamoja na duara la mashaka. Wanasema: mahali ni hapa, na kama tumekosea basi hatujakosea zaidi ya kilomita kadhaa. Lebo ya "Tunduma" peke yake inapata duara kubwa. Lebo ya "daraja la mto fulani, barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga" inapata duara dogo. Wale tuliosoma jiografia tukalalamika kwamba kusoma ramani hakuna kazi mtaani, kazi yenyewe ndiyo hii.

Makosa ya kuandika nayo yapo na yanachekesha. Tunduma iko kama nyuzi 9.3 kusini na 32.8 mashariki. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiisahau hiyo alama, Tunduma inapaa mpaka Sudan Kusini. Ukizibadilisha namba mbili nafasi, inatua baharini, nje kidogo ya pwani ya Morocco. Kinyonga wa Mbozi anaogelea Atlantiki! Taarifa za hivyo zimekuwepo nyingi duniani na kuzisafisha ni sehemu ya kazi inayotakiwa kulipwa.

Tumefika kwenye mkwanja.

Mjue kwanza ukubwa wa shida. Uchunguzi uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2023 ulihesabu makumbusho 73 makubwa katika nchi 28. Yana vitu zaidi ya bilioni 1.1. Vyenye taarifa zinazopatikana kidijitali vilikuwa asilimia 16 tu. Hao ndio matajiri! Berlin, anapokaa dainosa wetu, mwaka 2018 serikali yao kuu na jimbo la Berlin waliamua kutoa euro milioni 660 kwa miaka kumi kwa ajili ya makumbusho hayo, majengo na kuyaingiza makusanyo yao kwenye kompyuta. Marekani kuanzia 2011 shirika lao la taifa la sayansi, NSF, lilipanga dola milioni 100 kwa miaka kumi kwa kazi ya aina hii.

Sisi hatuna hizo, tusidanganyane. Lakini kuna jambo kwenye hadithi ya Wamarekani limenifungua macho. Kabla ya hela hizo kubwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, NSF ililipia mitandao mitatu ya makumbusho: MaNIS ya mamalia, HerpNET ya reptilia na vyura, na ORNIS ya ndege. Walikuwa na sampuli mamilioni na hela ya kubana. Wakafanyaje? Badala ya kila makumbusho kuweka ramani vitu vyake, waligawana dunia. Wewe chukua eneo hili, fanya sampuli za makumbusho yote zilizotoka huko. Mimi nachukua lile. Maana kama makumbusho 20 yote yana lebo ya "Tunduma", kuna sababu gani watu 20 waitafute Tunduma mara 20? Aitafute mmoja, vizuri, na wote wanakili.

Sasa fikiria: kwa eneo la Songwe, nani angekuwa huyo mmoja? Hapo ndipo naona sisi tuna kitu cha kuuza. Wao wana kamera na hela. Anayejua kwamba kijiji fulani kilihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na jina likahama na watu huku mlima ukibaki, yuko huku.

Milango ya fedha ninayoifahamu siyo mingi. Kuna GBIF, mtandao wa dunia wa taarifa za viumbe wenye makao Copenhagen, ulioanza 2001 na sasa una rekodi zaidi ya bilioni 3. Kupitia kwao Umoja wa Ulaya umelipia programu iitwayo BID, iliyotoa ruzuku kwa taasisi za Afrika kusini ya Sahara, Karibea na Pasifiki kwa kazi hii hasa. Kwetu Tanzania mlango wa GBIF ni TanBIF, ambayo iko COSTECH, Dar. Kuna JRS Biodiversity Foundation ya Marekani iliyoanza 2004 na imetoa ruzuku nyingi za taarifa za viumbe Afrika. Kuna National Geographic Society, ambayo imesaidia pia uchimbaji wa bonde la Rukwa. Na ndani ya nchi kuna MTUSATE, mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia ulio chini ya COSTECH. Mifuko hii hufungua na kufunga kwa tangazo, kwa hiyo kabla hujaanza kuandika angalia tangazo la mwaka huo lipo au halipo.

Na kuna mlango ambao watu wanaugonga bure. Ule mfuko wa balozi wa Marekani wa kuhifadhi utamaduni, miongozo yake imekuwa ikisema wazi kwamba haulipii urithi wa asili: mabaki ya kale ya viumbe, miamba, mimea, wanyama, mpaka kuwe na uhusiano na utamaduni. Ukipeleka mifupa ya dainosa wanarudisha. Lakini kimondo, ambacho wazee wana masimulizi yake toka enzi? Hapo mtu mwenye akili anaweza kujenga hoja, sijui mnaonaje.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui: hela hizi karibu zote hapewi mtu binafsi. Inapewa taasisi, yaani makumbusho, chuo au hebaria. Hata kuchapisha taarifa GBIF ni taasisi inayosajiliwa, na usajili ni bure. Kwa hiyo wewe na washkaji zako watatu hamuwezi kuandika andiko la mradi kwa jina la kijiwe. Mnaweza kuwa ndani ya andiko la wenye makusanyo, kama watu wa kuandika lebo na kufuatilia majina ya mahali, na mkawekwa kwenye bajeti na posho yenu ikaandikwa. Kukubali kufanya "kwa kujitolea" wakati bajeti ina mstari wa posho ni ujinga, samahani kwa lugha.

Andiko zuri likoje? Kwa ninavyoyasoma matangazo yao, hawataki kusikia "tunaomba kompyuta kumi na jenereta". Wanataka kujua taarifa ngapi zitatoka, lini, na nani atazitumia. Andiko linalosema "tutaingiza makusanyo yote ya Tanzania" linaonekana la ndoto. Linalosema "tutaingiza sampuli zote za okidi za Nyanda za Juu Kusini, tuziweke kwenye ramani, tuwape maofisa wa hifadhi na halmashauri ndani ya miaka miwili" linasomeka. Tena wanataka taarifa ziwe wazi kwa kila mtu, kwa leseni ya kuruhusu kutumika. Umeme, intaneti na diski za akiba viandikwe kwenye bajeti mapema, maana mfadhili aliyekaa Copenhagen hajui luku inakula kiasi gani. Na ukijaza fomu kwenye kafe, andika kwanza kwenye faili pembeni. Umeme ukikatika ukurasa wa saba utajua maana ya huzuni.

Kuna mdau nilimsimulia haya akaniuliza: ukiweka okidi kwenye ramani si umemwonyesha mchimbaji pa kwenda? Swali la haki kabisa, na mimi liliniumiza kichwa. Jibu ni kwamba siyo lazima uonyeshe nukta kamili. Kwa viumbe vinavyowindwa na kwa sehemu zenye mifupa ya kale, hadharani unaweka eneo pana tu, kwa mfano kwa kukata desimali ibaki moja, ambayo ni mraba wa kama kilomita 11. Nukta kamili inabaki kwa taasisi, anayeihitaji anaomba na kueleza sababu. Andiko lisiloeleza hilo kwa okidi za huku mimi ningelinyima hela. Wachimbaji nao tusiwafanye mashetani, wengi ni akina mama wanatafuta ada, na wanajua mabonde kuliko hebaria yoyote. Mradi wenye akili unawalipa wao waonyeshe zilipokuwepo.

Wakati mnasubiri ruzuku, kuna mazoezi ya bure. Ingia gbif.org, chagua Tanzania, tafuta Mbozi au Tunduma, uone nini kipo na nukta zimeangukia wapi. Ukiona nukta imekaa pabaya kuna sehemu ya kuwaandikia wenye rekodi. Ingia Notes from Nature au DigiVol, ni tovuti ambazo makumbusho yanaweka picha za lebo na watu wa kawaida wanaziandika. Ukifanya lebo mia mbili hapo una kitu cha kuonyesha kwenye barua yako ya maombi. Mwenye simu yenye kamera apige picha za maua na mijusi aweke iNaturalist. Zikithibitishwa zinaingia GBIF zenyewe, na tarehe ya leo.

Mimi nimeanza daftari la majina. Naandika jina la zamani la mahali, jina la sasa, na nani kaniambia. Nimeshapata machache ya Tunduma mjini na ya njia ya Mpemba, lakini Ileje sina kitu, na Momba kule bondeni ndio kabisa. Mwenye babu au bibi wa huko, muulize mlima ule uliitwaje kabla, mto ule uliitwaje, kijiji kilikuwa wapi kabla hakijahama mwaka sabini na ngapi huko, halafu niandikieni hapo chini. Na kama kuna mtu anajua mto mwingine unaoitwa Songwe, tafadhali aseme sasa hivi.